Slabu au Mteremko: Mwongozo Kamili wa Kubadilisha Paa Mombasa

Masika yakiingia, paa bovu halina siri. Kisauni, Tudor, Likoni, Changamwe, kote utakuta vitanda vimesogezwa katikati ya chumba na sufuria imetegwa chini ya tone. Mvua ikikatika anaitwa fundi, anabandika lami, analipwa, na mwaka wa pili sufuria inarudi pale pale. Mwongozo huu ni wa mwenye nyumba aliyechoka na viraka. Anataka kubadilisha paa zima lakini hajakata shauri: abaki na slabu bapa ya zege, au apandishe paa la mteremko, la mabati au la vigae?

Msimamo wetu tuutaje mapema. Slabu iliyofanywa vizuri hudumu, na mteremko uliofanywa vizuri hudumu. Paa linalowatesa watu Mombasa ni lile lisilokuwa huku wala kule: mabati yaliyolazwa karibu bapa na kufichwa nyuma ya parapeti, ule ukuta mfupi unaozunguka paa, ili nyumba ionekane ya kisasa. Hilo tumelitengea sehemu yake huko chini.

Mvua, upepo na chumvi

Mombasa hupata takriban milimita elfu moja za mvua kwa mwaka, lakini haziji kwa zamu. Sehemu kubwa hushuka masika, Aprili hadi Juni, na Mei ndiyo mama yao. Vuli hufuata Oktoba hadi Desemba. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji, kwa hiyo mvua ya milimita 40 kwenye paa la mita za mraba 100 ni lita 4,000, na pengine zote zimemwagika kabla hujamaliza kunywa chai. Hayo ndiyo maji unayoyapangia njia, wala si manyunyu ya jioni.

Upepo wa kusi ndio unaosukuma mvua ya masika, na huisukuma kwa ubavu, ikaingia kwenye maungio ambayo ikinyesha wima isingeyagusa. Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, ni mkavu zaidi. Januari na Februari ndiyo miezi ya kuezua nyumba bila kulala na wasiwasi. Ukiikosa, subiri Agosti na Septemba.

Chumvi hula bati na hula nondo. Jambo moja huwashangaza wengi: bati haliozi kwanza juu, linakopigwa na mvua. Huanza kuoza chini ya upenu, mahali ambapo chumvi hutua na mvua haifiki kuiosha. Aliye karibu na maji, Nyali, Kizingo, Likoni au Bamburi, na ahesabu hilo katika uchaguzi wa bati na katika utunzaji wake.

Hatua ya 1: Kagua kilichopo kabla ya kuulizia bei

Kama una slabu, panda na nyundo ndogo, chaki na futi. Gonga sakafu yote, hatua kwa hatua, kisha urudie chini kwa kugonga dari ya kila chumba. Zege zima hulia kwa sauti kali na ya juu. Zege lililobanduka hulia kama mtungi mtupu. Zungushia chaki kila mahali palipolia hivyo. Tafuta pia nyufa zilizonyooka zenye doa la rangi ya chai. Ufa wa namna hiyo hufuata nondo iliyoko ndani. Nondo ikishika kutu huvimba, ikachukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma chenyewe, na zege halina pa kwenda ila kupasuka. Nyumba zilizojengwa kwa mchanga wa ufukweni usiooshwa ziko hatarini zaidi, kwa sababu chumvi ilitiwa ndani tangu siku ya kumwaga.

Hapa usijidanganye. Ukiona nondo zimefichuka kwa urefu, au vipande vya zege vinaanguka ndani, hilo si suala la kuvuja tena. Mwite mhandisi wa majengo. Mkeka wa lami juu ya slabu iliyooza ni kanzu nyeupe juu ya kidonda.

Mvua ikishanyesha, ngoja saa 48 kisha upande tena. Dimbwi litakalokuwa lingali pale lizungushie chaki, upime kina chake. Hiyo ndiyo ramani ya mahali mteremko ulipokosewa.

Kama una mabati, ingia darini mchana, uzime taa. Kila tundu litajionyesha kwa nuru yake. Chukua bisibisi uchome mbao, hasa zile zinazokaa juu ya ukuta na zile za upenuni: bisibisi ikizama bila nguvu, mbao hiyo imekwisha. Unga mwembamba uliomwagika chini ya mbao ni kazi ya bungua, mdudu atoboaye mbao. Vijia vya udongo vinavyopanda ukutani ni mchwa. Hesabu ngapi zimeoza. Zikifika robo, kuezeka upya juu ya mifupa ile ile ni kununua bati jipya kwa ajili ya kuliangusha.

Ikiwa paa la zamani ni la asbesto, usilivunje wala usilikate. Vumbi lake hudhuru mapafu, na uondoaji wake una masharti ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya: hufanywa na waliopewa leseni, huloweshwa maji, hufungwa na kuzikwa mahali palipoidhinishwa.

Katika Mji wa Kale mambo ni mengine. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na sakafu za juu hubebwa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa vyumba, ndiyo maana ni vyembamba. Ncha ya boriti iliyoingia ukutani ndiyo huoza kwanza, kwa hiyo kagua hapo. Usikubali mtu akumwagie slabu ya zege juu ya kuta hizo kwa sababu tu nyumba ya jirani inayo. Uzito haukukusudiwa, na saruji huzuia ukuta wa chokaa kupumua. Eneo hilo pia limehifadhiwa kisheria, na mabadiliko ya paa hupitia ofisi ya uhifadhi iliyo chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya.

Hatua ya 2: Linganisha kwa namba

Tuchukue nyumba ya mita 10 kwa 8, kimo cha kawaida, kuta za mawe au bloku.

Uzito kwanza, kwa sababu ndio unaofunga milango. Slabu ya unene wa sentimita 15 kwenye mita za mraba 80 ni mita 12 za ujazo za zege, yaani karibu tani 29. Vigae vya zege kwenye mteremko wa nyuzi 30, pamoja na upenu, ni kama tani 5 na kidogo. Mabati ya nyumba hiyo hayafiki nusu tani. Kwa hiyo nyumba iliyojengwa kwa ajili ya mabati haiwezi kugeuzwa ya slabu kwa kumwaga tu. Msingi na kuta hukaguliwa kwanza. Nyumba ya udongo na miti, kama zilizobaki Majengo na vitongojini, hiyo slabu isahau kabisa. Wepesi nao una deni lake: paa la mabati lisipofungwa sawasawa upepo hulinyanyua.

Mteremko wa chini kabisa hutegemea kinachofunika. Slabu iliyozibwa huhitaji 1:80 ikishakamilika, yaani milimita 12.5 kwa kila mita. Ili uipate kwa hakika, panga 1:40, milimita 25 kwa mita, maana mkono wa fundi na kulegea kwa zege vitakula nusu yake. Bati la migongo mipana ya mraba hukubali nyuzi 5 likiwa kipande kimoja bila kiungo, ila Mombasa sisi hatushuki chini ya 10. Bati la mawimbi lipe 15. Vigae vingi vinataka 22 hadi 30, na makuti 45, la sivyo huoza kabla hujayazoea.

Joto: slabu hunywa jua mchana kutwa na kulirudisha ndani usiku. Mtu aliyelala chini yake analijua joto la saa mbili usiku, dari ikiwa bado vuguvugu. Bati huchemka haraka na kupoa haraka. Likipewa dari na matundu ya hewa kwenye upenu na kwenye pembe za juu, chumba hulalika mapema. Slabu iliyopakwa rangi nyeupe ya kurudisha jua hupungua ukali wake, lakini rangi hiyo hurudiwa kila baada ya miaka michache.

Matumizi: hapa slabu inashinda, tusibishane. Unaanika nguo na pilipili, unaweka tangi, unapunga upepo jioni, na kesho ukipata uwezo unapandisha ghorofa. Kumbuka tu kwamba tangi la lita 5,000 ni tani 5, na mahali pake ni juu ya makutano ya kuta au mihimili, si katikati ya sebule.

Maji ya mvua: katika mji ambao mfereji hukauka siku mbili tatu bila taarifa, hesabu hii ina uzito. Paa la mteremko la nyumba yetu, pamoja na upenu wa sentimita 60, lina mita za mraba 103 likitazamwa kutoka juu. Kwa milimita 1,000 za mwaka, na ukitoa moja ya tano inayopotea, unapata kama lita 82,000. Slabu nayo huvunwa, ila maji yake hukaa na vumbi na kinyesi cha kunguru, kwa hiyo ni ya kufulia na choo zaidi.

Hatua ya 3: Ukichagua kubaki na slabu

Kwanza uamue maji yatokee wapi, kabla ya kununua hata mfuko mmoja wa saruji. Tazama hesabu hii, maana ndiyo hukosewa zaidi. Ukipeleka maji yote upande mmoja kwa mita 8, kwa 1:40, upande wa juu utapanda sentimita 20. Ukiongeza unene wa chini wa sentimita 3, wastani wa skridi, lile tabaka la saruji na mchanga linalotengeneza mteremko, ni sentimita 13; kwenye mita za mraba 80 hiyo ni mita 10.4 za ujazo, karibu tani 21 za mchanga na saruji juu ya slabu ambayo tayari ni mzee. Ukiyagawa maji pande mbili, kila upande mita 4, wastani hushuka hadi sentimita 8, kama tani 13. Ukikubali 1:80 kwa pande mbili, na fundi wako ni wa kupima kwa kamba na pima maji bila kukisia, unafika tani 9. Matundu mengi ya kutolea maji ni uzito mdogo wa skridi. Weka matundu yasiyopungua mawili hata kama moja lingetosha, kwa sababu moja litazibika. Kunguru wa Mombasa hula juu ya paa lako na kuacha mifupa, na mfupa mmoja wa kuku na mfuko wa plastiki ni kizibo kamili.

Kisha kazi yenyewe, kwa mpangilio huu:

1. Bandua viraka vyote vya zamani hadi zege. Lami mpya juu ya lami iliyokauka hutoka nayo.

2. Vunja kila mahali palipolia mtungi. Safisha nondo kwa brashi ya waya hadi ing'ae, ipake rangi ya kuzuia kutu, kisha uzibe kwa mota ya kukarabatia zege. Nyufa zipanue kwa umbo la V, uzijaze.

3. Mwaga skridi ya saruji 1 kwa mchanga 4. Mchanga uwe wa mtoni, uliooshwa. Iloweshe siku 7. Jua la hapa hukausha uso kabla ndani hakujashika, na skridi iliyokauka hivyo hupasuka kama matope ya kiangazi.

4. Pembe zote ambapo sakafu inakutana na parapeti zijazwe saruji kwa mshazari wa sentimita 5. Mkeka wa lami haupendi kukunjwa kwa pembe kali. Hupasuka hapo hapo, na ndipo slabu nyingi zinapovuja.

5. Skridi ikishakauka kabisa, paka praima ya lami, yaani rangi ya kwanza ya kushikisha mkeka, lita 20 hadi 25 kwa nyumba yetu. Kipimo rahisi cha ukavu: bandika kipande cha nailoni ya mita moja, ufunge kingo zake kwa utepe, ukiache hadi kesho. Ukikuta jasho chini yake, ngoja. Maji yaliyofungiwa chini ya mkeka hugeuka mvuke jua likipiga na kuutunisha malengelenge.

6. Laza mkeka wa lami wa milimita 4, ule mafundi wauitao APP, kuanzia upande wa chini, kwenye tundu, ukipanda. Ubavuni pandishana sentimita 10, kwenye ncha sentimita 15. Moto wa tochi uyeyushe lami hadi itokeze ukingoni mwa kiungo kama uzi mweusi. Palipokosa uzi huo, kiungo hakijashika. Panda nao kwenye parapeti sentimita 15 juu ya sakafu iliyokamilika, na ncha yake iingie katika mfuo uliokatwa ukutani, kisha izibwe.

Rola moja ni mita 1 kwa 10, lakini ukiondoa kupandishana hufunika chini kidogo ya mita za mraba 9. Sakafu ni 80, na ukanda wa sentimita 30 wa pembeni na parapeti, kwenye mzunguko wa mita 36, unaongeza kama 11. Nunua rola 12, moja yao ya pembe na matundu.

7. Ziba matundu, jaza maji kina cha sentimita 5, uache saa 48. Kumbuka sentimita 5 ni kilo 50 kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo kwa slabu yenye mashaka muulize mhandisi kwanza. Chini, kagua dari mara mbili kwa siku. Ikipita jaribio, funika mkeka kwa rangi ya kurudisha jua, au kwa vigae vya sakafu kama watu watatembea juu.

Kichwa cha parapeti nacho kifunikwe kwa kofia ya zege inayoinamia ndani, yenye mfuo chini yake wa kudondoshea maji. Mara nyingi mtu hurudia mkeka mara mbili, kumbe maji yanashukia ndani ya ukuta.

Hatua ya 4: Ukichagua mteremko

Nyumba ile ile, paa la mgongo mmoja, nyuzi 20, upenu wa sentimita 60 pande zote. Kutoka ukingo wa upenu hadi mgongoni ni mita 4.9. Agiza mabati ya mita 5 yaliyokatwa kiwandani, kipande kimoja, usikubali ya kuunganisha katikati. Kiungo kisichokuwepo hakivuji. Kama bati lako hufunika sentimita 90 baada ya kupandishana, urefu wa mita 11.2 unataka mabati 13 kila upande, 26 kwa jumla. Muulize muuzaji upana unaofunika, si upana wa bati.

Geji, kipimo cha unene wa bati, huhesabiwa kinyume: 28 ni nene kuliko 30, na 32 ni bati la banda la kuku. Karibu na bahari chukua 28 au chini yake, lenye mchanganyiko wa alumini na zinki na rangi ya kiwandani juu, na alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya. Aliye mbele ya maji kabisa afikirie bati la alumini tupu au vigae. Ni ghali siku ya kununua tu. Bati la alumini lisishikwe kwa misumari ya chuma cha kawaida, wala lisiguse saruji mbichi au waya wa shaba. Huliwa mahali hapo hapo.

Kenchi, zile fremu za mbao zinazobeba paa, zikae umbali usiozidi mita 1.2, kwa urefu wa mita 10 zinatosha 10. Kila kenchi ifungwe kwenye ukuta kwa mkanda wa chuma uliozamishwa bloku mbili chini, na usipigwe msumari wa juu juu. Mbao za kushikia mabati ziwe mistari 7 kila upande, karibu sentimita 82 kati yake: mita 157, agiza 172 kwa ajili ya hasara. Zote zitiwe dawa ya mchwa na bungua kabla hazijapanda, na ncha zilizokatwa zipakwe tena, maana dawa haikufika katikati.

Katika kuezeka, anza upande ambao kusi hautokei, ili kila bati linalofuata lifunike lililotangulia na mdomo wa kiungo uwe umeupa upepo kisogo. Bati la mawimbi lipandishane wimbi moja na nusu. Skrubu yenye washa, ile pete ya mpira, ipigwe juu ya wimbi, kamwe si bondeni, maji yanamopita. Kwa mistari saba ya mbao utahitaji kama skrubu 6 kwa mita ya mraba. Paa letu ni mita za mraba 110, kwa hiyo nunua 750 pamoja na za akiba. Kaza hadi washa ijaze ukingo wa kifuniko bila kubinuka. Iliyokazwa kupita kiasi hupasuka mpira ndani ya mwaka, na iliyolegea hucheza.

Sasa msimamie fundi kwenye jambo moja. Usimruhusu akate bati kwa grainda. Cheche zile ni chembe za chuma cha moto. Hutua juu ya bati jipya, huchoma rangi, na kabla ya wiki mbili kila chembe ni doa jekundu. Ukingo uliokatwa nao umeunguzwa kinga yake. Mkasi wa bati au kikata cha umeme cha meno, na jioni paa lifagiliwe kwa brashi laini. Vivyo hivyo asikanyage bati kati ya mbao na mbao. Akanyage penye mbao, na viatu vya mpira.

Vigae vya zege huenda kama 10 kwa mita ya mraba. Kwa nyuzi 30 paa letu huwa mita za mraba 119, hivyo agiza 1,250 na kenchi nzito zaidi zilizochorwa na mhandisi. Mstari wa kwanza wa upenuni, wa mgongoni na wa pembeni vipigwe misumari vyote, visiachwe kwa uzito wao.

Gata ipewe angalau sentimita 1 ya mraba ya nafasi yake kwa kila mita ya mraba ya paa inayomwaga humo. Bomba la inchi 4 lina karibu 78, kwa hiyo upande mmoja wa nyumba yetu linautosha. Kama unavuna maji, lita 50 za kwanza za kila mvua ziende nje. Ndizo zilizoosha chumvi na kunguru.

Mteremko juu ya slabu iliyopo

Hii ndiyo njia tunayoipendekeza mara nyingi kwa slabu nzima kimwili lakini inayovuja kila mwaka, na mwenyewe hana mpango wa ghorofa. Slabu hugeuka dari, hewa hupita katikati, na joto la usiku hupungua sana. Nguzo fupi zisimame juu ya kuta na mihimili tu. Kila nguzo iwe juu ya kiguzo cha zege cha sentimita 15, iliyofungwa kwa bolti za milimita 12, ili tundu la bolti lisiwe dimbwini. Pembe za juu ziachwe wazi na kuwekewa wavu, la sivyo popo watahamia kabla yako. Na hewa ikiingia chini ya bati, upepo hulisukuma kutoka pande mbili: usipunguze bolti.

Tatizo ni parapeti. Bati linapaswa livuke ukuta huo na kumwaga nje, sentimita 45 au zaidi. Kama parapeti ni ndefu, ikate. Hapa ndipo mwenye nyumba anapomwambia fundi, "Iache, inapendeza," na fundi analaza mabati kwa nyuzi 5 ndani ya sanduku, gata ya bati jembamba ikifichwa kati ya bati na ukuta. Miezi ya kaskazi majani na mifupa hujaa humo bila mtu kuona. Mei inakuja, gata inafurika, na kwa kuwa mdomo wa nje uko juu kuliko ncha ya bati, maji hayana njia ila kurudi nyuma, chini ya bati, ndani ya nyumba. Bati halijatoboka, skrubu zote nzima, na dari imeanguka.

Ukiwa huna budi kuacha parapeti, basi gata ya ndani iwe na upana wa sentimita 30 ili mtu aweze kusimama na kuifagia, iwe ya zege iliyofunikwa mkeka wa lami, na kila upande uwe na mdomo wa dharura unaotoboa ukuta, chini ya ncha ya bati kwa sentimita 5. Maji yakionekana yakimwagika kutoka mdomo huo, jua gata imeziba, panda.

Vibali na malipo

Kubadili umbo la paa ni ujenzi: michoro hupitishwa na Serikali ya Kaunti ya Mombasa, na mkandarasi awe na usajili wa NCA, mamlaka ya ujenzi ya taifa. Bei za mafundi wawili hazilinganishiki mpaka wote wamepewa karatasi moja yenye geji, vipimo vya mbao, umbali wa kenchi na idadi ya skrubu.

Katika mapatano, asilimia 10 ya mwisho isilipwe siku ya kumaliza. Slabu ilipiwe baada ya kushikilia maji saa 48. Paa la mteremko lijaribiwe kwa mpira wa maji: mtu mmoja juu anamwaga, akianzia upenuni na kupanda taratibu hadi mgongoni, dakika kumi kila mahali, na wewe uko darini na tochi na chaki. Ukianza kumwagia juu, kila mahali patalowa na hutajua tone limetoka kwenye kiungo kipi.